Shajara ya mradi: kujenga makabidhiano ya zamu juu ya yale yanayokwenda vizuri

Ninaandika kadiri hatua zinavyokamilika, ili karakana nyingine ikitaka kufuata njia hii isianzie sifuri. Sisi hutengeneza vifaa vya wateja. Kifaa huingia mapokezi, hufunguliwa kadi ya kazi, huenda karakana, husubiri vipuri vya stoo, hukaguliwa, kisha hurudi mapokezi. Kuna zamu mbili, kwa hiyo kifaa kimoja huweza kupita kwenye mikono ya watu wengi kabla mteja hajakichukua. Tunapoumia ni pale mtu mmoja anapomwachia mwenzake. Fundi wa mchana anajua kwamba skrubu fulani imekatika ndani, wa jioni hajui, anafunga, mteja anarudi.

Ukaguzi wa makosa ulishafanyika huko nyuma, zaidi ya mara moja. Kila ukaguzi ulizaa visanduku vipya kwenye kadi ya kazi, hadi kadi ikawa na pande mbili, na upande wa nyuma hausomwi na mtu. Safari hii uongozi umekubali tuanzie upande wa pili: tutafute makabidhiano yaliyokwenda vizuri, tujue yaliwezekanaje, kisha tuyafanye yawe kawaida.

3 Februari. Kuchagua mada

Kikundi cha msingi kimeundwa: mapokezi, karakana, stoo, ukaguzi, msimamizi mmoja wa zamu, na mimi kama mwezeshaji. Hakuna mkuu wa idara ndani yake. Hilo tulilishindania, na nashauri yeyote anayefuata alishindanie pia.

Njia yenyewe, iitwayo kwa Kiingereza Appreciative Inquiry, si mpya. Mwaka 1980 David Cooperrider, akiwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, alikuwa akichunguza hospitali ya Cleveland Clinic. Badala ya kuendelea kuorodhesha kasoro, yeye na msimamizi wake Suresh Srivastva walianza kuuliza ni nini kinachoipa hospitali ile uhai inapofanya kazi vizuri kabisa. Makala yao ya mwaka 1987 ndiyo iliyoieneza njia hii. Siku hizi huendeshwa kwa hatua nne: kugundua yaliyo mema, kuota yanayowezekana, kusanifu, kisha kutekeleza na kudumisha. Wengi huongeza hatua moja ya mwanzo, ya kuchagua mada, na kwa jinsi tulivyoona hiyo ndiyo iliyoamua mengine yote.

Uongozi ulitaka mada iwe "kupunguza kazi zinazorudi". Hiyo ni kasoro iliyovishwa nguo ya lengo. Ukimhoji mtu juu yake atakuletea orodha ya kasoro. Wengine kikundini walitaka "ushirikiano bora", maneno ambayo hayamkeri mtu wala hayamtumi popote. Hapo nikawasimulia kisa cha British Airways huko Amerika Kaskazini, mwishoni mwa miaka ya 1990. Wafanyakazi walitaka mada ihusu kumsaidia vizuri abiria aliyepotelewa na mizigo. Walipobanwa kwamba hawawezi kutaka kumpoteza abiria mizigo ili wapate kumsaidia, wakaishia kwenye mada ya namna abiria anavyostahili kufika mwisho wa safari yake.

Sisi tumeishia hapa: *makabidhiano ambayo anayepokea hana haja ya kuuliza tena*. Ni refu, haliwezi kuchapwa kwenye fulana, na limekubaliwa na wote.

Jambo dogo la kumbukumbu. Kwenye slaidi za mafunzo tulizorithi kulikuwa na dai kwamba timu hustawi pale mambo chanya yanapozidi hasi kwa uwiano wa karibu 3 kwa 1. Namba hiyo ilitokana na makala ya mwaka 2005 ya Barbara Fredrickson na Marcial Losada, iliyotaja kizingiti cha 2.9013. Mwaka 2013 Nicholas Brown, Alan Sokal na Harris Friedman walionyesha kwamba hisabati yake haina msingi, na jarida likaiondoa sehemu hiyo. Tumeifuta slaidi. Nashangaa bado inazunguka.

Gharama: vikao viwili vya asubuhi, watu wa kikundi wakiwa nje ya kazi zao.

17 Februari. Mahojiano ya majaribio yameshindwa

Swali tulilolianza nalo liko kwenye miongozo mingi: "Tueleze wakati ambao ulijivunia sana kazi yako hapa." Majibu yalifanana kama yamepigwa kopi. Tunapendana. Tuna mawasiliano mazuri. Bosi wetu anatusikiliza. Dada mmoja wa mapokezi alimsifu msimamizi wake kwa dakika nzima, na msimamizi mwenyewe ndiye aliyekuwa anamhoji.

Tulipochambua tuliona hitilafu mbili. Ya kwanza, aliyehoji alikuwa na mamlaka juu ya aliyehojiwa. Hapo swali la mazuri hugeuka kuwa kuomba sifa. Ya pili, swali halikushikamana na tukio. Mtu anayeulizwa kuhusu fahari hujibu kwa hisia, na hisia haziwezi kurudiwa kesho na mtu mwingine.

Marekebisho: mahojiano sasa ni ya watu wawili kutoka sehemu tofauti, stoo na ukaguzi, mapokezi na karakana, na wanahojiana kwa zamu. Maswali tumeyaandika upya. Nayaweka yote, maana ndiyo yatakayomfaa anayetaka kuiga:

"Kumbuka kifaa kimoja ulichopokea katikati ya kazi ukaendelea nacho bila kumtafuta aliyekuachia. Kilikuwa kifaa gani? Ulipokifikia mezani uliona nini kwanza? Ulijua nini ambacho kwa kawaida huwa hujui, na ulikijuaje? Nani alifanya kitu ambacho hakuwajibika kukifanya? Kingeondolewa kipi, usingeweza kuendelea?"

Swali la mwisho ndilo lililobeba mzigo. Hapo ndipo watu walipoacha kusema "ushirikiano" wakaanza kusema "alikuwa ameacha betri nje, pembeni ya kifuniko".

Gharama: kila jozi inachukua kama saa 2 ukijumlisha na kuandika. Msimamizi wa mchana alilalamika kwamba meza zinabaki wazi, na alikuwa na haki. Tumehamishia mahojiano kwenye saa za katikati ya zamu, wateja wanapokuwa wachache.

4 Machi. Mafundi wamegoma kimyakimya

Hawakutangaza mgomo. Walikuja, wakakaa, wakajibu kwa neno moja moja. Mwishoni fundi mkongwe, ambaye sisi wote tunamwita mzee, alitutoa tongotongo: "Wanangu, mnataka niwaambie mazuri wakati grainda ile haina kinga tangu mwaka jana? Mficha uchi hazai."

Hapa njia hii huanguka mahali pengi, na ingeanguka kwetu. Ukiwalazimisha watu waseme mazuri tu, wanaelewa kwamba malalamiko yamepigwa marufuku kwa lugha ya heshima. Gervase Bushe, mtafiti wa njia hii, amekuwa akilisema hili kwa miaka mingi: kilicho muhimu ni fikra mpya zinazozaliwa, na uchanya wenyewe hautoshi. Mwaka 2005 yeye na Aniq Kassam walipitia visa 20 vilivyochapishwa vya matumizi ya njia hii. Ni visa 7 tu vilivyoonyesha mabadiliko ya kina. Kuzungumza mazuri kulikuwepo kwenye vyote. Vilivyofanikiwa vilitofautiana kwa kubadilisha namna watu wanavyofikiri, na kwa kuwaachia watu watekeleze kwa njia zao badala ya kuwashushia mpango.

Tulichofanya kwanza ni kusimamisha mahojiano hadi grainda ipate kinga. Niliiambia menejimenti kwamba hakuna swali la mazuri litakaloulizwa karakana kabla ya hapo. Kinga ilikuja, ikafungwa, tukaendelea. Nadhani kipande kile cha chuma kimefanya kazi kubwa kwa mradi huu kuliko slaidi zangu zote.

Pili, tumefungua njia mbili za malalamiko. Yanayohusu usalama, malipo, au mtu kudhalilishwa yanakwenda moja kwa moja kwa anayehusika, yakiwa na tarehe ya kujibiwa, na hayageuzwi kuwa kitu kingine chochote. Sitaki kumsikia mwezeshaji akimwuliza mtu aliyepunjwa posho "unatamani nini?" Mengine yote yanaandikwa kama yalivyosemwa, kisha mlalamikaji anaulizwa: ungependa kiwepo nini ili usilalamike tena?

Mfano. Lalamiko: "Nachoka kupigiwa simu nikiwa nyumbani nimepumzika." Kilichotakiwa kiwepo: habari zote za kifaa zibaki na kifaa. Sentensi hiyo ilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa amekasirika, na ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha mpango mzima.

20 Machi. Kusoma visa

Visa vimekusanywa, tumevibandika ukutani, tukaanza kutafuta yanayojirudia. Kilichojirudia kuliko vyote ni mzee. Alibaki baada ya saa za kazi. Alikumbuka kifaa cha mteja wa wiki iliyopita. Alipigiwa simu akaeleza kwa mdomo waya gani uende wapi.

Kikundi kilifurahi, nguvu yetu imepatikana. Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kumpa cheo cha mkufunzi ili "awaambukize" wengine. Dada wa stoo ndiye aliyetukatiza: "Na mzee akistaafu?" Tukasoma upya, na picha ikageuka. Kumbukumbu ya mzee ndiyo iliyokuwa inaziba shimo la makabidhiano. Kadiri alivyokuwa hodari, ndivyo shimo lilivyokuwa haliwezi kuonekana. Tungemfanya shujaa rasmi, tungekuwa tumeidhinisha shimo.

Kwa hiyo tumeweka kanuni ya kuchuja, na naiona kuwa ndiyo faida kubwa ya mradi hadi sasa. Kila kisa kinasomwa kwa kufuta jina la mhusika. Kikibaki na kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukifanya kesho, kinabaki ukutani. Kikibaki kitupu, tunakiweka upande wa pili chini ya kichwa "mtu anabeba kilichopaswa kubebwa na utaratibu". Visa vya mzee karibu vyote vimehamia huko. Tulimwonyesha. Alicheka, akasema hata yeye amechoka.

Kilichobaki kilikuwa kichache na kimya. Hapo tukaazima mbinu iliyo jirani na njia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jerry na Monique Sternin wakiwa na shirika la Save the Children nchini Vietnam walitafuta, katika vijiji vyenye utapiamlo, familia maskini sawa na nyingine ambazo watoto wao walikuwa na afya. Waligundua kwamba mama hao waliokota kamba na kaa wadogo mashambani, wakaongeza majani ya viazi vitamu kwenye chakula cha mtoto, na walimlisha mara nyingi zaidi kwa siku. Wengine walikuwa na vitu hivyohivyo karibu nao. Nasi tukauliza: nani hapa ana zana zilezile, kazi zilezile, zamu zilezile, lakini vifaa vyake havirudi?

Jibu lilikuwa meza mbili za mwisho, mafundi wawili vijana ambao hakuna aliyewataja kwenye mahojiano. Wao huweka kila kilichotolewa ndani ya kifaa kwenye trei moja pamoja na kadi. Na wakati wa kuachiana, anayepokea ndiye anayesema. Anaangalia trei, anaeleza kwa sauti anachodhani kimefanyika na kilichobaki, na anayeondoka anasahihisha. Walipoulizwa kwa nini, mmoja alisema tu kwamba mwenzake anayeondoka akieleza, yeye huwa anaitikia bila kusikiliza.

Gharama: hatua hii imekula muda kuliko nilivyoomba, na nililazimika kurudi kwa uongozi kuomba nyongeza.

8 Aprili. Kikao cha ndoto

Tulikusanya zamu zote mbili kwa nusu siku, mapokezi yakabaki na watu wachache. Vikundi vilichora, viliigiza, na kimoja kilitunga wimbo. Furaha ilikuwa ya kweli. Lakini nilipokusanya karatasi jioni nilikuta "tuwe karakana bora", "mteja ni mfalme", na michoro mingi ya watu walioshikana mikono.

Miongozo inasema ndoto iandikwe kama jambo ambalo tayari lipo, kwa ujasiri. Tulifuata, tukapata mabango. Kilichokosekana ni kipimo. Wiki iliyofuata kikundi cha msingi kilizirudisha sentensi zote kwa waandishi wake na swali moja: mgeni asiyetujua akisimama karakana kwa saa moja, anaweza kuona kama hili ni kweli au si kweli? Nyingi zilikufa hapo. Baadhi ya watu walinuna, hasa wa wimbo. Zilizobaki ni tatu:

"Kila kifaa kilichofunguliwa kina trei yake, na kilichotoka ndani yake kimo humo."

"Anayepokea ndiye anayesema, anayeondoka anasahihisha."

"Hakuna anayepigiwa simu akiwa nje ya zamu kwa habari ambayo ingeweza kuandikwa."

Ningeanza upya, ningeweka swali la mgeni ukutani asubuhi ileile ya kikao, kabla ya kalamu za rangi.

6 Mei. Majaribio kwenye meza chache

Trei. Stoo haikuwa nazo za kutosha, mafundi wakaanza kuibiana kabla ya siku ya pili kwisha. Tuliagiza za ziada. Halafu lebo za karatasi zikalowa mafuta na kubanduka, kukawa na trei zisizo na wenyewe, hali mbaya kuliko ile ya mwanzo. Suluhisho limetoka stoo: vibao vidogo vya plastiki vyenye namba, vinafungwa kwa waya, na namba ileile inaandikwa kwenye kadi. Sasa trei haihitaji jina.

Kusema kwa anayepokea. Hapa tuligonga ukuta ambao mahojiano hayakuuonyesha. Zamu zetu zilikuwa hazikutani: mmoja anatoka saa ileile ambayo mwingine anaingia. Wale vijana wawili walikuwa wakikutana kwa hiari yao, dakika zisizolipwa. Kwa hiyo nguvu tuliyoisifia ilikuwa imesimama juu ya muda wa bure wa wafanyakazi. Kuieneza bila kulipia kungekuwa dhuluma, na mafundi wasingekubali hata kama sisi tungekuwa na ujasiri wa kuomba.

Menejimenti ilikataa kulipa robo saa ya ziada kwa kila mtu. Tulichokubaliana: nusu ya wanaoingia wanaanza dakika 15 mapema na kutoka dakika 15 mapema. Watu wamechagua wenyewe nani awe upande gani. Malipo hayakuongezeka. Kilichopotea ni robo saa ya mwisho wa siku kuwa na watu pungufu, na mapokezi ndio wanaoisikia. Bado wananung'unika, na sina jibu lao zaidi ya kuwabadilishia zamu.

Simu. Tumeweka daftari karibu na simu ya karakana. Anayempigia mtu aliye nje ya zamu anaandika alichouliza. Tulihofia litageuka la kushtakiana, kwa hiyo halina safu ya jina. Linaonyesha tu ni habari zipi hazibaki na kifaa.

27 Mei. Karakana ya pili imenakili, ikashindwa

Uongozi ulipenda matokeo ukatuma waraka: karakana ya pili ianze mara moja. Walianza. Trei zilinunuliwa, vibao vikafungwa, picha zikapigwa. Tulipokwenda kuangalia, trei zilikuwa zimejaa na makabidhiano yalikuwa yaleyale ya "kila kitu kipo kwenye kadi, kwaheri". Kusema kwa anayepokea kulionekana kama kumfanyia mtu mzima mtihani, na fundi mmoja alilichukua kama dharau.

Nilipaswa kulikumbuka la Vietnam hadi mwisho. Pale familia hazikupewa orodha ya vyakula tu. Walikusanyika, wakapika pamoja, kila mmoja akileta viungo vile alivyoviokota mwenyewe. Sisi tuliwapelekea wenzetu jibu bila swali.

Marekebisho: waraka umesitishwa. Watu wao wanne wamekaa nasi zamu moja wakitazama, wakarudi, wakahojiana kwa maswali yaleyale ya Februari. Walichokigundua kwao si trei. Ni kwamba fundi mmoja hupiga picha ya ndani ya kifaa kabla ya kutoa chochote, na anayepokea huanza kwa kuangalia picha. Wameamua hilo ndilo lao. Kuna aliyetaka tuwalazimishe wafanane nasi kwa ajili ya "kiwango kimoja". Nimepinga. Kinachotakiwa kufanana ni mada: anayepokea asihitaji kuuliza tena.

18 Juni. Kilichobadilika na kisichobadilika

Kwenye meza za majaribio, kazi zinazorudi kwa sababu ya habari kukosekana zimepungua, na msimamizi wa zamu, ambaye hakuwa shabiki, ndiye aliyeleta taarifa hiyo. Daftari la simu lina kurasa tupu zaidi kuliko mwezi wa kwanza. Mzee amechukua likizo yake yote kwa mfululizo.

Kazi zinazochelewa kwa kusubiri vipuri zimebaki vilevile. Hilo ni la mnunuzi na wagavi, na hakuna kisa chochote ukutani kinacholigusa. Nimewaandikia uongozi wazi kwamba njia hii isitumiwe pale: yanahitajika makubaliano mapya na wagavi, na kuwauliza watu wa stoo juu ya siku zao njema kutawaudhi tu.

Fomu ya tathmini ya mwaka nayo bado ina sehemu moja tu ya maoni, "mapungufu". Fundi anayefundisha wenzake kusema wakati wa kupokea hana pa kuandikiwa. Idara ya rasilimali watu imeomba mapendekezo. Tumependekeza swali moja badala ya sehemu mpya: mwenzako alipopokea kazi kutoka kwako, alikuta nini? Linajibiwa na mwenzake.

Kwa anayepanga bajeti: ununuzi wetu wote ulikuwa trei, vibao, waya na kinga ya grainda. Gharama kubwa ni saa za watu, na sehemu nzito zaidi ilikuwa Februari na Machi, kabla ya chochote kuonekana. Omba saa hizo mapema, ukitaja jozi ngapi na dakika ngapi, maana ukizidai katikati utaonekana umeshindwa kupanga.

Kinachofuata ni makabidhiano ya mapokezi na ukaguzi. Jozi za kwanza zinahojiana Jumatatu.